Bife "bio" na barza ya wazee wetu

Katika vijitabu vya mila tumezoea kusoma juu ya mahari, ngoma, majina ya watoto na sherehe za mavuno. Juu ya chakula cha saa sita cha watu wa biro hakuna anayeandika, kana kwamba hicho si mila. Sisi tunasema ni mila, tena mila changa inayokua haraka. Toka miaka ya vita ya 1996 na kuendelea, ni nani mwenye kusoma kidogo huku Masisi na Walikale ambaye hajakaa katika atelie, seminere, mkutano wa kamati au siku ya kutafakari? Saa sita na nusu ikifika, mtu wa lojistiki anasimama mlangoni na kusema: "Wapendwa, chakula iko tayari." Tunapanga mstari. Mbele wakubwa, kisha sisi walimu, nyuma kabisa dereva na mlinzi. Kila mtu anashika sahani yake na kujipakulia mwenyewe. Hiyo ndiyo bife.

Sasa bife imepata jina la pili. Tumesoma kwa macho yetu tangazo la biro moja iliyotafuta wapishi wa kukodi, wale tunaowaita traiteurs: watu 40, siku tatu, "bife bio, vyakula vya asili". Neno asili lilitufurahisha. Tukasema, mwishowe wamefungua macho. Siku yenyewe ilipofika, gari lilipanda kutoka Goma na masufuria yamefungwa kwa kamba. Ndani yake mlikuwa mchele wa gunia kutoka Asia, kuku wa barafu, nyanya ya mkebe, mayoneze, soda, na saladi ya kabichi. Kabichi peke yake ndiyo iliyolimwa kwetu, na kati ya vyote vilivyokuwa pale, ndiyo tuliyoiona kwa macho yetu ikipigwa dawa shambani. Katikati ya meza walisimamisha karatasi nzuri yenye maua: BUFFET BIO. Na hayo yalikuwa Masisi! Nyuma ya ukuta wa salle ile kulikuwa na shamba la maharage, na mama mwenye shamba alikuwa akipalilia huku akisikia vijiko vyetu.

Kwa hiyo shauri letu ni moja. Bife ya namna hii inauza jina la shamba la mama zetu bila kununua kitu ndani ya shamba hilo.

Tuanze na neno lenyewe, maana walimu hatuwezi kuacha neno lipite bila kuliuliza linatoka wapi. Bio si kila kitu cha kijijini, wala si kila kiazi chenye udongo. Ni namna ya kulima bila mbolea ya kiwandani na bila dawa za kemia za kuua wadudu na majani. Udongo unalishwa kwa samadi na mboji, mazao yanabadilishwa, kunde na maharage vinapandwa pamoja na mahindi ili ardhi isichoke. Na tena si kulima tu. Ni kuthibitishwa. Ulaya, shamba linapaswa kukaa miaka miwili chini ya kanuni hizo kabla ya kupanda mazao ya msimu, na miaka mitatu kwa miti kama kahawa kabla ya kuvuna, ndipo mavuno yaruhusiwe kuitwa bio. Jirani zetu wa Afrika Mashariki walikubaliana kanuni zao mwaka 2007, na alama yao waliipa jina la Kiswahili kabisa: Kilimohai. Kongo yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Basi neno liko, tena liko katika lugha tunayosema sokoni, lakini kwenye matangazo ya biro zetu hatujaliona hata mara moja. Wanapenda bio, kwa sababu bio inafanana na Ulaya.

Hata karibu hapa kuna waliofanya kazi hiyo kwa haki. Wakulima wa kahawa wa SOPACDI, kule Minova, mpakani kabisa na Masisi, walipata cheti cha bio na cha biashara ya haki. Walijipanga kwa miaka, wakaandika mashamba yao moja moja, wakakubali kukaguliwa. Mpishi wetu wa bife alifanya kazi ya dakika moja: aliandika neno kwenye kompyuta na kulipiga rangi ya kijani.

Mtu atatujibu: "Lakini mwalimu, kwetu kila kitu iko bio! Hatuna pesa ya dawa." Jibu hilo tunalisikia kila siku, na si kweli yote. Mkulima wa viazi wa milima ya Masisi anajua jina la Dithane sawa na anavyojua jina la mtoto wake. Mvua yetu ni nyingi, ukungu unakaa juu ya majani, ugonjwa wa mildiou unaunguza shamba zima kwa siku chache, basi anabeba pompe mgongoni na kupiga dawa, mara nyingi bila kinga ya mdomo, na mkebe mtupu anautupa mtoni. Viazi hivyo ni vitamu, ni vyetu, tunavila na tutaendelea kuvila, lakini si bio. Nyanya na kabichi ni vile vile. Anayesimama mbele ya wageni na kusema "Masisi yote ni bio" anadanganya sawa na yule mwenye karatasi ya maua.

Upande mwingine kuna vyakula ambavyo kweli havijui dawa katika nyumba nyingi tunazozijua: lengalenga za nyuma ya jiko, bisusa, matembele, sombe, viazi vitamu, mateke, maharage ya kupanda pamoja na mahindi, ndizi, kule Walikale mawese, mihogo, uyoga wa msituni na samaki wa Lowa na Oso. Watu wa mjini wakisikia hivyo wanacheka: hiyo ni bio ya umaskini. Hatukubali. Umaskini haufundishi mtu kulima. Angalieni ndizi. Ugonjwa wa mnyauko wa ndizi, ule unaoozesha mkungu ungali juu ya mgomba, ulionekana kwa mara ya kwanza nchini Kongo mwaka 2001, na ulionekana hapa hapa Masisi. Dawa ya kuuponya haikuwako, wala leo haiko. Walioponya migomba yao walifanya kwa mkono: walivunja ua la chini kwa kijiti chenye panda badala ya kulikata kwa panga, walipitisha panga motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine, walikata shina lenye ugonjwa mapema bila huruma. Wengine hawakufanya, na shamba la babu likaisha. Mzee aliyeokoa shamba lake kwa kijiti na moto anajua bio kuliko sisi wote wenye diploma, na hakuna tangazo la biro lililowahi kumtafuta.

Juu ya nini hatafutwi? Hapa inafaa kusema wazi, kwa sababu wengi wanafikiri ni dharau tu. Dharau iko, tutaifikia. Lakini ya kwanza ni karatasi. Kongo iliingia katika sheria za biashara za OHADA mwaka 2012, na toka hapo kila mwenye kuuzia biro anaombwa namba ya rejista ya biashara, namba ya kodi, fakturi yenye muhuri, mara nyingine akonti ya benki. Biro inataka fakturi tatu za kulinganisha. Mama wa Nyabiondo mwenye ndoo mbili za maharage na kuku watano wa kienyeji atatoa wapi muhuri? Hata benki yenyewe haiko kijijini kwake. Kwa hiyo anayeshinda ni mwenye karatasi, na mwenye karatasi anakaa Goma. Yeye naye si mtu mbaya. Ananunua pale ambapo kitu kinapatikana haraka, chote siku moja, na chenye fakturi: ghalani kwa mchele, kwenye friji kwa kuku. Sheria haikukataza lengalenga, lakini imezifungia mlango kwa kufuli ya karatasi.

Ya pili ni kamba. Mwaka 2017 wachunguzi wa IPIS walihesabu barrières za barabarani katika Kivu zote mbili wakakaribia 800. Gunia la viazi au bidoni ya maziwa ikiteremka kutoka mlimani inalipa kwa huyu mwenye bunduki, kwa yule mwenye kofia, kwa mwingine mwenye daftari. Sasa fikirini mambo haya ya kuchekesha, kama yasingekuwa ya kuliza: viazi vya Masisi vinateremka Goma vikilipa kamba kwa kamba, vinamenywa huko, vinakaangwa, halafu vinapanda tena Masisi ndani ya sufuria la bife, vimekwisha kupoa, na mtu anavila mita mia tatu kutoka shamba vilipotoka. Chakula kinacholiwa mahali kilipolimwa hakipiti kamba hata moja. Hiyo peke yake ingetosha kama sababu, bila kutaja bio.

Walikale ina hadithi yake, nayo ni ya uchungu zaidi. Ni teritware kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini, msitu na mito. Kasiterite ilipoanza kuchimbwa Bisie mwanzoni mwa miaka ya 2000, ndege zilikuwa zikitua juu ya barabara ya lami pale Kilambo, zinaleta bia, mchele, unga na samaki wa chumvi, zinarudi Goma na mawe. Vijana waliacha panga na jembe wakaenda shimoni. Bei ya ndizi ikapanda katika nchi ya ndizi! Toka 2019 kampuni ya Alphamin inatoa bati pale Bisie kwa mashine, na wachimbaji wa mkono wengi wametawanyika, lakini desturi ya kungojea chakula cha kushuka kutoka angani imebaki katika vichwa. Tumekaa katika mkutano wa Walikale ambapo mwenye mkutano aliomba radhi kwamba ndege haikufika, kwa hiyo "leo tutavumilia chakula cha hapa". Chakula cha hapa kilikuwa samaki aliyefungwa ndani ya majani, ndizi na sombe yenye mawese mapya. Watu walikula mpaka wakalamba vidole, na mwenye mkutano akaendelea kuomba radhi.

Hapo ndipo dharau inapoingia, na sisi walimu tuna sehemu yetu ya kuiangalia karibu. Mpe mwanafunzi wa sekondari kazi ya kuandika insha juu ya "chakula cha kumpokea mgeni wa heshima", kisha usome. Mchele na nyama, mchele na kuku, mchele na nyama tena, na soda. Sombe haimo. Maziwa ya mashanza hayamo, hata kwa mtoto aliyeletwa shuleni kwa pesa ya maziwa hayo. Jibini ya Masisi, ambayo watu wa Goma wanaiita goutha na wanaijua kwa jina kama wanavyojua bia, haimo. Mtoto ameona wakubwa wakipanga mstari mbele ya mchele, amejifunza. Na mtu mzima naye amejifunza. Ulizeni katika mstari wa bife, mtasikia: "Sombe minakula kila siku ku nyumba, hapa munipatie kitu ya maana." Hatumlaumu sana ndugu huyo. Kama mshahara unaweka nyama mezani mara moja kwa mwezi, seminere ni siku ya nyama. Lakini kuku wa kienyeji ni nyama pia. Jibini ni maana pia.

Tusije tukafanya kama mambo ya bife ni mageni kabisa kwetu. Wazee wetu walikuwa na bife yao, na ilikuwa barza. Wahunde, Wanyanga, Watembo, Wakano, wote walijua kitu hicho kwa jina lao: wanaume wanakaa pamoja, na kutoka kila nyumba inakuja sahani. Vyakula vingi mahali pamoja, kila mtu anaonja hiki na kile. Sasa hiyo si bife? Tofauti ni moja, nayo ni kubwa. Kwenye barza kila sahani ilikuwa na jina. Ile ni ya mama fulani, mihogo yake haikai majini siku za kutosha, angalieni; ile ni ya bibi wa juu, maharage yake ni ya shamba jipya, yanaiva haraka. Aliyepika vizuri alisifiwa, aliyepika vibaya alijua kabla jua halijatua. Hakuna aliyehitaji karatasi ya maua, kwa sababu mlaji aliweza kuonyesha kwa kidole shamba lililotoa kile alichokula.

Na hicho ndicho kitu hasa ambacho bio ya kweli inatafuta kwa karatasi na wakaguzi: nani alilima, wapi, kwa namna gani. Ndani ya kanuni za Kilimohai kuna hata njia ambayo wakulima wa kikundi kimoja wanatembeleana shambani na kuthibitishana wenyewe kwa wenyewe, bila kulipa mkaguzi kutoka mbali. Tuliposoma hivyo tulisema, kumbe ni barza! Wazungu na wasomi wamezunguka dunia, wamerudi kukaa kwenye kigoda cha mzee. Ni sisi tu tuliokiacha kigoda tukapanga mstari.

Lakini tusiipake barza sukari. Wanawake waliopika hawakukaa pale. Walikula nyuma, pamoja na watoto, kile kilichobaki. Kulikuwa pia na miiko iliyomnyima mwanamke kitu hiki na kile, na miiko mingine ilimnufaisha mwanaume tu. Hatutaki kurudisha hayo, na anayetumia neno mila ili arudishe hayo asitumie kijitabu hiki. Bife ina wema wake mmoja: mwanamke na mwanaume wanashika sahani sawa. Tunauchukua wema huo. Tunaomba tu sahani ipate jina tena.

Wanyanga wasomaji wetu watakumbuka Mwindo. Utenzi huo, Candi Rureke aliuimba na kuusimulia mwaka 1956, nao ukachapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na ndugu yetu Kahombo Mateene. Mashujaa wa nchi nyingine wanamaliza hadithi kwa vita. Mwindo, baada ya kuadhibiwa na kufundishwa adabu kule juu mbinguni, anarudi kijijini na kutangaza sheria. Na inayotangulia kati yake inawaamuru watu kulima vyakula vingi, vya namna nyingi. Shujaa aliyeshinda mambo yote yale, neno lake la kwanza ni shamba. Tunasomesha shairi la Kifaransa juu ya mvua ya Paris, na Mwindo wengi wa wanafunzi wetu hawajamsikia. (Hiyo ni vita nyingine, tutaiandikia siku yake.)

Kabla hatujafika kwenye maombi yetu, tujibu mambo matatu tunayoambiwa kila tukilalamika.

Wanasema usafi. Chakula cha mama wa kijijini kitatuharisha. Tunauliza: kuku wa barafu aliyetoka kwenye friji ya Goma, umeme umekatika mara ngapi njiani, amesafiri saa ngapi ndani ya gari, amepashwa moto mara ngapi? Chakula kilichopikwa saa nne na kuliwa saa sita palepale kina hatari ndogo kuliko hicho. Usafi ni maji ya kuchemsha, sabuni, chombo chenye kifuniko, mpishi aliyepimwa afya kwenye kituo. Hayo yote yanapatikana Masisi na Walikale. Biro ikiwa na shaka, itume muuguzi wa zone ya afya aangalie jikoni. Ndiyo kazi yake.

Wanasema asili ni nyama ya pori. Hapa tunakuwa wakali. Tumeona watu wa heshima wakidai, kwa jina la mila, wapewe kakakuona au nyani mezani, hasa kule Walikale wageni wakifika. Hapana. Sheria ya kuhifadhi mazingira ni ya mwaka 2014 na iko wazi, mbuga ya Maiko na ya Kahuzi-Biega zinaingia ndani ya ardhi ya Walikale, na kakakuona kwa wazee wengi wa msituni hakuwa nyama ya kula ovyo. Alikuwa na masharti yake. Anayemla kati ya semina na dansi hana sheria wala mila.

Na wanasema vita. Hilo hatulijibu kwa haraka. Masisi-centre ilitekwa na M23 mwanzoni mwa Januari 2025, Goma mwishoni mwa mwezi uleule, Walikale-centre ilitekwa mwezi wa Machi na kuachwa mwezi wa Aprili. Watu wamekimbia mashamba mara nyingi kuliko vidole vya mkono. Maharage yamevunwa na wasioyapanda. Mwaka uleule wa 2025 misaada ya Marekani ilikatwa, na biro nyingi zilizokuwa zikitulisha mchele zikafunga milango. Kuna anayesema: wakati kama huu, kuandika juu ya bife ni mchezo. Sisi tunaona kinyume. Mikutano haikuisha. Parokia inakutana, wachungaji wanakutana, kamati za wazazi, zone ya afya, walimu wakisahihisha mitihani. Pesa imekuwa kidogo, na pesa kidogo ndiyo inayouma ikipotea njia. Mama aliyerudi kijijini akakuta shamba limekuwa majani, akalima tena nusu yake kwa jembe la kuazima, anahitaji mnunuzi wa kwanza. Mkutano wa watu 40 kwa siku tatu ni sahani 120. Kwake sahani 120 ni mbegu ya msimu ujao na karo ya mtoto. Kwa gari la kutoka Goma ni safari moja.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Seminere zetu huwa za siku tatu. Tumewahi kufikiri kwamba siku ya tatu ingefanyika shambani, na wataalamu wa bio wakishika mpini. Tunatania, lakini si sana.

Tunaomba hivi. Biro, shirika, kanisa au shule inayofanya mkutano Masisi au Walikale isitafute fakturi tatu kwa chakula cha saa sita. Itafute kikundi cha akina mama, wengi wao wamekwisha kujipanga katika likelemba, na imlipe kila mmoja kwa risiti ya mkono, jina na alama ya kidole, na chifu wa lokalite akiwa shahidi. Wahasibu watapiga kelele. Mhasibu aliyeweza kupokea risiti ya mwendesha pikipiki ataweza kupokea ya mama wa lengalenga. Ikiwa sheria za mfadhili zinakataza, mfadhili aandikiwe barua. Tumewahi kuandika barua kwa mambo madogo zaidi. Malipo yawe siku ileile. Mama hawezi kungoja "virement" ya miezi miwili.

Chakula chenyewe kifuate nchi. Masisi: maharage, viazi, lengalenga, jibini, mashanza, nyama ya ng'ombe ikipatikana, vitunguu, pilipili. Walikale: ndizi, sombe ya mawese, samaki ndani ya majani, uyoga wakati wake, chikwange, karanga. Mchele wa shamba la mtu wa hapa ukiwako, karibu. Hatuna ugomvi na mchele, tuna ugomvi na gunia. Kibe cha Maggi kibaki dukani siku hizo tatu, ulimi upumzike. Maji yachemshwe, yawekwe ndani ya bidoni safi, na chupa za plastiki zisije kutupwa mtoni Lowa.

Neno bio lisiandikwe popote mpaka kikundi kitakapokubali kukaguana shamba kwa shamba, kwa kanuni za Kilimohai au nyingine zinazojulikana. Kabla ya hapo iandikwe kweli tu. Katika mkutano ujao wa chama chetu tutaanza sisi wenyewe: karatasi itabandikwa mlangoni, bila maua, yenye jina la kila mama, kijiji chake, kitu alicholeta na bei aliyolipwa, na herufi D mbele ya kila kitu kilichopigwa dawa. Viazi vitakuwa na D. Lengalenga, tumekwisha kuuliza, hazitakuwa nayo.